Git Ifundishwe Wiki ya Kwanza, Si Wiki ya Mwisho

Kila mwaka ofisini kwetu hupokea vijana wachache kutoka vyuoni, wanaokuja kwa mafunzo ya kazini ya miezi mitatu. HTML wanaijua. CSS wanaijua. PHP na MySQL wanazifahamu kiasi cha kujenga tovuti yenye ukurasa wa kuingilia na fomu zake. Lakini mwambie mmoja wao akuonyeshe mradi wake wa chuo. Atafungua tarakilishi yake na hapo utakutana na ukoo mzima: mradi, mradi2, mradi_mpya, mradi_mwisho, mradi_mwisho_kabisa. Ni upi unaofanya kazi? Hata mwenyewe anabahatisha.

Mimi simlaumu kijana huyu. Amefundishwa kuandika msimbo, hajafundishwa kuutunza. Mihtasari ya kozi za wavuti ambayo vijana hawa wamenionyesha huweka udhibiti wa matoleo karibu na mwisho wa muhula, saa mbili hivi, mtihani ukibisha hodi. Kwa maoni yangu mambo yamepinduliwa. Somo hili ni la wiki ya kwanza, kabla ya PHP.

Kwa msomaji aliye mgeni wa jambo hili: udhibiti wa matoleo ni kazi ya programu inayoweka kumbukumbu ya mabadiliko ya faili zako. Nini kimebadilika, nani kabadilisha, lini, na kwa sababu gani. Ni kama daftari la mwenye duka. Hafuti mstari wa jana ili aandike wa leo; anaandika chini yake, na siku hesabu zikigoma anarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa.

Wala si mtindo wa juzi. Marc Rochkind alitengeneza SCCS pale Bell Labs mwaka 1972. Baadaye zikaja RCS, CVS na Subversion. Git yenyewe ilianzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005, baada ya wenye BitKeeper kuondoa ruhusa ya kuitumia bure ambayo watengenezaji wa Linux walikuwa wakiitegemea. Git ni programu huria, haidai leseni ya kununua. Chuo hakiwezi kusema hakina pesa.

Kwa nini wiki ya kwanza? Sababu ya kwanza ni woga. Mtu anayejifunza lazima avunje vitu, ndiyo njia ya kujua vinavyofanya kazi. Lakini mwanafunzi aliyehangaika siku tatu hadi fomu ikakubali hathubutu tena kuigusa. Anajua akiharibu hana pa kurudi. Basi anaacha kujaribu, na akiacha kujaribu ameacha kujifunza. Mpe njia ya kurudi na utamwona anavyochangamka.

Sababu ya pili ni haki. Kazi za vikundi tunazijua. Watu wanne, mmoja anakesha, mmoja anasaidia kidogo, wawili wanaleta mandazi. Siku ya matokeo wote wanapewa alama 68. Aliyekesha hana pa kupeleka malalamiko, maana kilichowasilishwa ni faili moja ya zip isiyosema nani alifanya nini. Kukiwa na historia, mhadhiri anaandika git shortlog -sn na kuona majina na idadi ya hatua ambazo kila mmoja ameweka. Alama ya kikundi inaweza kuanza kufanana na jasho.

Najua utasema historia inaweza kughushiwa. Kweli. Jina linaloonekana ndani ya Git ni lile mtu aliloandika mwenyewe, na mjanja anaweza kuweka hatua 20 za kubadilisha nukta na mkato. Ndiyo maana sisemi mhadhiri ahesabu tu. Achague badiliko moja na kumwuliza mwenye jina lake: hapa ulibadilisha nini, na kwa nini? Dakika 2 zinatosha. Mleta mandazi atajulikana.

Sasa, kuanza kwenyewe. Hapa nina ugomvi na wale wanaofundisha, kwa sababu wengi huanzia GitHub. Git na GitHub si kitu kimoja. GitHub ilifunguliwa mwaka 2008, na tangu 2018 ni mali ya Microsoft. Ni mahali pa kuweka nakala na kushirikiana. Ukianzia huko, mwanafunzi anahitaji akaunti, bando, na tangu Agosti 2021 neno la siri la kawaida halikubaliwi tena unapotuma msimbo kwa amri, lazima utengeneze tokeni au ufunguo wa SSH. Mgeni anakwama mlangoni na kuondoka akiamini Git ni ngumu, kumbe hata hajaiona.

Git inafanya kazi ndani ya mashine yako, mtandao uwepo usiwepo. Somo la kwanza lisizidi amri hizi, ukishaiambia Git jina lako na barua pepe yako:

git init
git add index.html
git commit -m "Nimeongeza fomu ya mawasiliano"
git log

Kisha mwanafunzi afute nusu ya index.html kwa makusudi na kuihifadhi. Aandike git diff aone kilichopotea. Aandike git restore index.html aone kikirudi. (Kama Git ya maabara ni ya kabla ya 2019, amri ni git checkout -- index.html.) Basi. Matawi na kuyaunganisha yatakuja baadaye. Nakala ya GitHub nayo ije wiki ya tatu au ya nne, na ije kweli, kwa sababu mashine ikiibwa historia iliyo ndani yake imeondoka nayo.

Kuna mambo mawili ya wavuti ambayo hayafai kusubiri. La kwanza, hifadhidata. Wengi hutumia XAMPP na kuweka kazi ndani ya htdocs, lakini data za MySQL hukaa folda nyingine kabisa, na Git haizioni. Toa muundo wa majedwali kama faili ya .sql, uiweke pamoja na msimbo.

La pili, siri. Mradi wa siku hizi mara nyingi una malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, na funguo zake zimeandikwa ndani ya config.php. Faili kama hiyo itajwe kwenye .gitignore kabla ya hatua ya kwanza kuwekwa. Ukishaituma hadharani, kuifuta kesho hakusaidii. Historia bado inayo, hiyo ndiyo kazi ya historia. Dawa ni kubadilisha funguo zenyewe.

Wahadhiri husema muda hautoshi. Lakini hesabu muda unaopotea wiki ya kumi na mbili, flashi imeliwa na virusi na mradi umepotea nayo, kikundi kimebishana nani kafuta faili ya nani. Saa 2 za mwanzoni ni bei nafuu.

Nawe mwanafunzi ambaye kozi yako haijafika huko, usisubiri muhtasari. Ingia ndani ya folda ya mradi wako leo, andika git init, na uweke hatua ya kwanza. Halafu ile mradi_mwisho_kabisa, ipe jina moja tu: mradi.