Mnaoogopa Grisi Mtaandika Nini?

Kuna kauli imeenea miongoni mwetu sisi tunaojiita waandishi chipukizi, nami nimechoka kuinyamazia. Eti habari za injini, spana na oili ni mambo ya gereji, hazina nafasi katika kurasa za fasihi. Mwandishi mmoja, tena ninayemheshimu, alinirudishia sura ya tatu ya riwaya yangu akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hapa umegeuka fundi. Rudi kwenye hadithi." Sura hiyo inahusu vijana wawili wa Karema wanaotaka kuipa mwendo injini kuukuu ya boti ili wakashindane. Kwake yeye hadithi ilikuwa imesimama. Kwangu mimi hapo ndipo ilipowaka.

Basi tubishane. Adam Shafi alipotoa Kuli mwaka 1979 aliandika juu ya wabeba mizigo wa bandari ya Unguja, jasho na magunia yao, na hakuna aliyemwambia arudi kwenye hadithi. Kulikoni leo kila hadithi inayoletwa kwenye vikao vyetu ina binti mrembo, mume wa mtu na hoteli ya Dar es Salaam ambayo mwandishi hajawahi hata kuingia mlango wake? Nimemaliza kidato cha nne, naishi Makanyagio hapa Mpanda, sijui vitanda vya hoteli hizo vina shuka rangi gani. Najua injini zinavyoletwa mjini.

Maana Makanyagio haina ziwa. Ukitaka kuliona Tanganyika unapanda gari hadi Karema au Ikola, na kama ni masika unashuka njiani kusukuma. Lakini injini za nyuma ya boti zikiharibika vibaya kule mwaloni zinaletwa huku juu, zimeviringishwa kwenye magunia kama mgonjwa, zinatafutiwa spea na mtu mwenye mashine ya kuchonga chuma. Hapo kijiweni ndipo nilipopata shule yangu ya pili. Na wallahi, mafundi wale wanasimulia kuliko wengi wetu tunaoandika.

Hebu nikupe mfano. Kijana ana boti nyembamba na injini ya zamani ya farasi 15 au 40, hana pesa, anataka mwendo. Wa mjini atadhani jambo la kwanza ni kufungua injini na kupanua matundu. Fundi atamcheka. Atamwambia kwanza, "Toa mizigo." Nanga ya ziada, mbao za kukalia, maji yaliyojaa chini ya sakafu, ule uchafu ulioota ubavuni: vyote hivyo ni farasi wanaovutwa nyuma. Haigharimu hata senti.

Kisha propela. Kila propela ina hatua yake inayopimwa kwa inchi, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa ubao na yenyewe skrubu. Boti ya kubeba dagaa huwekewa propela ya hatua fupi, kwa sababu inasukuma uzito. Ukiiacha hiyo hiyo kwenye boti tupu, injini italia kama mbuzi wa Idi na boti haiendi kokote, inazunguka tu kupita kiasi. Ukiweka ya hatua ndefu mno, injini inakabwa na haifiki mzunguko wake. Kati ya hizo mbili kuna moja inayofaa, na fundi maskini huitafuta kwa kuazima huku na huko, kunyoosha panga lililopinda na kulipiga tupa, kisha kwenda majini kujaribu.

Halafu kimo. Juu ya propela kuna bamba la chuma. Kwa kawaida bamba hilo hukaa sawa na sehemu ya chini ya boti. Ukiinua injini kidogo kwa kipande cha ubao, mguu wake unapungua ndani ya maji na boti inakuwa nyepesi. Ukizidisha, propela inavuta hewa badala ya maji, na tundu la kunywea maji ya kupoza injini linabaki juu. Ndiyo maana macho ya fundi hayaachi ule mchirizi unaotoka nyuma. Wao husema injini "inakojoa". Ikiacha kukojoa, zima hapo hapo.

Na kuna hili ambalo hata mimi lilinifungua macho. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 7 au 8 hivi. Kwa hiyo injini iliyoandikwa farasi 40 huku kwetu haitoi 40, inatoa kama 37. Na kwa kuwa kabureta ilipimwa kwa hewa ya pwani, inamwaga petroli kuzidi hewa iliyopo. Fundi anabadilisha jeti, anaweka yenye tundu dogo kidogo, na mara injini inavuta vizuri na mafuta yanabaki. Lakini akipunguza mno amejichimbia kaburi, kwa sababu kwenye injini ya stroki mbili oili inasafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua, na oili imepungua. Pistoni inapata joto, inatoboka katikati. Atajuaje amefika? Anasoma plagi! Anaifungua ikiwa bado ya moto na kuiangalia mdomo: rangi ya kahawia, salama, nyeusi yenye majimaji, petroli imezidi, nyeupe kama mfupa, kimbia.

Mtu anayesoma rangi ya plagi kama sisi tunavyosoma sura ya mtu, halafu unaniambia hapo hamna fasihi?

Najua jibu litakalokuja. Wapo watakaosema kukoroga injini ni uhuni, na kwamba mwandishi hapaswi kuusifia. Uhuni wa nani? Ole Evinrude, mhamiaji kutoka Norway, alianza kuuza injini yake ya nyuma ya boti huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Ilikuwa ya farasi moja na nusu. Kama angeridhika na hapo tungekuwa bado tunapiga kasia. Huko Renmark, Australia, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 watu wanashindana mtoni kwa vimtumbwi vya bati na injini ndogo walizozikoroga wenyewe, na mji mzima unatoka kutazama. Kwetu tanga lina mashindano yake Lamu na Unguja, kasia lilikuwa na mashindano yake Mwanza. Injini peke yake ndiyo mtoto wa nje.

Na tusijidai kwamba mwendo ni mgeni katika ziwa letu. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo za petroli, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Afrika Kusini, kisha kwa reli, kisha zikaburutwa porini Kongo hadi ziwani. Desemba ile ile ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Ndogo zilizishinda kubwa kwa kuwa zilikuwa nyepesi kukimbia. Wajerumani nao, kabla ya kuizamisha meli yao wenyewe Julai 1916, walipaka injini zake grisi nene. Ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Grisi, ndugu yangu! Hiyo hiyo unayoiogopa kwenye sura yangu ya tatu.

Sasa niwageukie na wa upande wangu, maana sitaki kuonekana nashangilia kila kitu. Nahodha anayeanza kushindana na mwenzake huku amebeba mama na mtoto mgongoni huyo simtetei. Anawachezea watu roho zao kama makonda wa daladala wanaogombea kituo. Na hata bila mwendo, boti iliyojazwa kupita uwezo wake ni jeneza. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, watu zaidi ya 200 walikufa mita chache kutoka gatini, na haikuwa inashindana na yeyote. Ilikuwa imejaa kuliko ilivyotengenezwa kubeba. Vile vile fundi anayekwangua hedi ya silinda ili kuongeza mgandamizo, kisha akaijaza petroli ya kwenye chupa za soda iliyochanganywa na mafuta ya taa, huyo hatengenezi mwendo, anatengeneza vyuma chakavu. Mambo haya yanahitaji kuandikwa, na kwa Kiswahili. Vitabu vinavyokuja na injini hizi nimeviona: Kiingereza tupu, na kurasa zake zinafungia karanga. Mzee aliyenifundisha kusoma plagi hajaandika neno hata moja, na akiondoka anaondoka nayo.

Kwa hiyo sura ya tatu siifuti. Nimeiongeza kurasa nne. Na kwa vijana wa Karema wanaosoma jarida hili kwa kuazimana, nawaomba jambo moja la kweli, si la kwenye riwaya. Andaeni mashindano yenu: injini zisizozidi farasi 15, mtu mmoja ndani ya boti, hakuna abiria, jaketi la kuokolea mwilini, na kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi ili ukidondoka boti isirudi kukukata. Yafanyike asubuhi kabla upepo haujaamka, na boti moja ya makasia ikae pembeni kuokota watakaoanguka. Atakayekoroga injini aieleze mbele ya watu, amefanya nini na kwa nini. Mimi nitakuja na daftari. Petroli kila mtu aje na yake.