Jina la kisu ni mali ya nani?

Wapenzi wa visu vya kukunja vya asili, wale wanaovikusanya nyumbani na kutembea na kimoja mfukoni, aghalabu huulizana habari za chuma, mpini na makali. Ni nadra kuulizana jambo kubwa zaidi: jina lililopigwa chapa kwenye bapa la kisu ni mali ya nani? Wenyeji wa Laguiole, mji mdogo usiofikia watu elfu mbili katika nyanda za juu za Aubrac, kusini mwa Ufaransa, walilazimika kulijibu swali hilo mahakamani.

Kisu cha Laguiole kilianza katika karne ya 19, na mwaka unaotajwa ni 1829. Kilikuwa kisu cha mchunga ng'ombe, chembamba, chenye mpini wa pembe uliopinda kidogo. Kiasi cha mwaka 1840 kiliongezwa msumari mrefu wenye ncha kali, ambao mfugaji aliutumia kumtoboa ng'ombe aliyevimba tumbo kwa kula majani mabichi, ili hewa itoke asife. (Wafugaji wetu hawana haja ya kuelezwa thamani ya kifaa hicho.) Kiasi cha 1880, vijana wa sehemu hiyo walipokuwa wakienda Paris kutafuta kazi katika mikahawa, kikaongezwa kizibuo cha chupa za mvinyo. Hivyo maisha ya watu wale, malishoni na ugenini, yalikunjwa yakatosha mfukoni.

Mwaka 1993 mfanyabiashara mmoja asiye mwenyeji alisajili neno "Laguiole" kuwa alama yake ya biashara, si kwa visu tu bali kwa bidhaa chungu nzima. Akawa anawauzia wengine ruhusa ya kulitumia, na vitu vilivyotengenezwa Asia vikauzwa kwa jina la mji ambao havikupata hata kupita. Halmashauri ya mji ilikwenda mahakamani. Mwaka 2012 mahakama ya Paris iliyakataa madai yake, na wenyeji kwa hasira wakang'oa kibao cha jina la mji wao barabarani. Mwaka 2014 wakashindwa tena katika rufani. Mwaka 2016 mahakama ya juu ikaamuru shauri lisikilizwe upya, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Paris ikawapa haki wenyeji. Miaka 26 ilikuwa imepita.

Wako watakaosema kuwa biashara ni biashara, na aliyewahi kusajili ndiye mwenye mali. Hoja hiyo ni dhaifu. Bwana yule hakufua chuma wala hakuchonga pembe. Aliwahi mlango wa ofisi ya usajili, basi. Nasi tusidhani kuwa hayo ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "kikoy", nguo ambayo watu wa pwani yetu wameivaa vizazi na vizazi. Kenya ilishtuka, pingamizi likapelekwa, na mwaka 2008 ombi likaachwa. Kikoi kilinusurika kwa sababu wenyewe waliamka mapema.

Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2014 inayoruhusu kazi za mikono zilindwe kwa jina la mahali zinapotoka, kama mvinyo na jibini zilivyolindwa tangu zamani. Sheria hiyo ni njema, lakini ilizusha swali jingine: mpaka uchorwe wapi? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uhunzi wa visu katika Laguiole ulififia karibu kufa, hata ukafufuliwa miaka ya 1980. Katika kipindi hicho chote visu vya mtindo huo vilitengenezwa hasa Thiers, mji wa wahunzi kando ya mto Durolle. Huko, zamani, wanoaji walifanya kazi wakiwa wamelala kifudifudi juu ya mbao, nyuso zao zikielekea gurudumu la kunolea lililozungushwa na maji ya mto, na mbwa wao wakiwalalia miguuni kuwapa joto. Sioni ni kwa haki gani warithi wa wanoaji wale waitwe wezi wa jina. Ugomvi wa Laguiole na Thiers ni wa ndugu wawili juu ya shamba walilolilima wote. Haufanani na ule wa mpita njia aliyejiandikishia shamba hilo wenyewe wakiwa kazini.

Kwa hiyo anayekusanya visu hivi asitosheke na nyuki mdogo anayeonekana juu ya springi yake. Nyuki huyo hupambwa Laguiole, hupambwa Thiers, na hupambwa vilevile katika viwanda vya mbali ambako hakuna aliyepata kuiona Aubrac. Na afungue kisu, ageuze bapa, atafute jina la karakana iliyolifua. Asipoliona, na amwulize muuzaji kabla ya kutoa fedha.