Mimi, Toutou na Waliovuta Kamba

 

Safari hii safu ya michezo haichambui gemu iliyokwisha kutoka. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza ya kwetu kwa ajili ya somo la kompyuta, nayo inahusu vita vya majini vya Ziwa Tanganyika, 1915 hadi 1916. Tunabishana juu ya jambo moja: mchezaji afanye nini?

Kwanza habari yenyewe. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Wajerumani ndio waliotamba ziwani. Walikuwa na meli ndogo, Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 wakaongeza Graf von Götzen. Hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli, kisha Kigoma kwa reli. Waingereza wakajibu kwa boti mbili za injini, kila moja na urefu wa mita 12 hivi. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou, yaani paka na mbwa kwa Kifaransa cha kitoto. Sisi tukisikia Mimi tunauliza: wewe nani?

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani. Mzinga wake ulielekea mbele tu, basi wakaijia kwa nyuma. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Julai mwaka huohuo Wajerumani wakaizamisha Götzen wenyewe, isije ikaangukia mikononi mwa adui.

Mwenzangu mmoja anasema gemu ni hiyo hapo: meli, mizinga, moshi, pointi. Ana hoja. Mchezaji akichoshwa dakika 5 za mwanzo, harudi tena. Lakini mapigano yale mawili, ukiyajumlisha, hayamalizi siku moja. Boti ziliondoka Uingereza Juni 1915 zikashushwa ziwani Desemba. Miezi 6 ilikwenda wapi?

Ilikwenda njiani. Meli hadi Cape Town, reli hadi Fungurume huko Kongo, kisha milima ya Mitumba isiyo na reli. Hapo watu walikata miti, wakajenga madaraja zaidi ya 100, wakazivuta boti kwa kamba pamoja na maksai na matrekta ya mvuke. Matrekta yalipokosa maji, wanawake wa vijiji vya karibu waliyabeba kwa vyungu kichwani. Baadaye reli tena, mto Lualaba, reli, ndipo ziwa.

Kwa maoni yangu, anayeanza gemu kwenye mzinga wa kwanza amekwisha kuchagua nani ni mtu na nani ni mzigo. Katika gemu nyingi za vita wafanyakazi ni tarakimu kwenye kona ya skrini. Wakipungua, unabonyeza, wanaongezeka. Katika vita vya Afrika Mashariki walikufa makumi ya maelfu ya wapagazi, wengi kwa maradhi na uchovu, na hapakuwa na kitufe cha kuwarudisha. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps.

Basi katika gemu yetu hatua 4 kati ya 5 ni za njiani, na mchezaji ni mvutaji mmoja mwenye kamba mkononi. Kila mvutaji ana jina, ana kwao na ana tumbo. Ukimwongeza mtu, kazi inakwenda haraka, lakini naye anakula, na chakula chake kinabebwa na mwingine ambaye pia anakula. Akiugua, kamba yake inawaelemea wenzake. Tuliijaribu mezani kwa karatasi na punje za maharage. Yule mwenzetu wa mizinga alikaa saa 2 akitafuta namna ya kuvuka korongo moja bila kupoteza mtu. Hakuuliza meli ziko wapi.

Hatua ya 5 bado inatugombanisha. Yeye anataka mchezaji ashike usukani wa Mimi. Mimi nataka abaki ufukweni na wavutaji wenzake, ayatazame mapigano kutoka mbali kama mtu aliyekwisha kulipa gharama yake. Semeni ninyi.

Gemu itamalizikia kwa Götzen. Iliopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ikabeba abiria ziwani. Mama yangu alisafiri nayo kutoka Kigoma hadi Kasanga, na anachokikumbuka ni magunia ya dagaa na watu waliolala juu yake.

Sasa tunatafuta sauti. Wavutaji wetu hawatasema Kiingereza cha sinema. Wenye Kiswahili cha Lubumbashi, cha Kigoma, cha Bujumbura, njooni mkutano ujao wa klabu mtusomee mistari yao. Na mkiona tumewawekea maneno ambayo mvutaji hangesema, yafuteni palepale.