*MAGOFU YA MJI WETU YAWE NYUMBA ZA WATU WETU*

Ndugu wanachama wa tawi,

Kila mmoja wetu anayajua magofu ya mtaani kwake: nyumba iliyoezuliwa bati na mti umeota sebuleni, kota zisizokaliwa kwa miaka, kiwanja cha kona kilichogeuka jalala na maficho ya vibaka. Wakati huohuo vijana wetu wanadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa chumba kimoja Pasua, Njoro au Majengo. Maoni yangu ni kwamba magofu haya yarudishwe kuwa nyumba, na wauziwe wakazi wa hapa kwa bei wanayoimudu.

*Tuelewane kwanza kuhusu mlimani.* Nyumba za Rombo, Marangu, Machame na Kibosho zinazofungwa Januari na kufunguliwa Desemba si magofu. Zimejengwa kwenye vihamba, wazee wetu wamezikwa pale. Hakuna anayetaka kuzigusa. Lakini vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi havigawanyiki tena, ndiyo maana vijana wanashuka mjini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,000 na ushee katika Manispaa ya Moshi. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya 221,000. Na mji hauna pa kutanukia kirahisi: kusini kuna miwa ya TPC, kaskazini kuna kahawa na migomba. Ardhi rahisi iliyobaki ni ile iliyotelekezwa katikati yetu.

*Sheria ipo.* Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inamtaka mmiliki aliyepewa hati atimize masharti ya kuendeleza kiwanja na alipe kodi ya pango la ardhi. Sheria hiyohiyo inaruhusu ardhi kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, na miliki kubatilishwa, jengo linapoachwa hadi likawa hatari kwa majirani na wapita njia. Kinachokosekana ni orodha, na msukumo wa Baraza la Madiwani.

Wapo watakaosema tunataka kunyang'anya watu. Hapana. Nyumba nyingine zimekwama kwenye mirathi. Familia hizo zisaidiwe kupata msimamizi wa mirathi ili ziuze au zikarabati zenyewe. Tuanze na mali za umma na za mashirika, ambazo hazina mjane wala yatima wa kuumizwa.

*Tusisahau yaliyopita.* Kuanzia 2002 Serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi wa umma. Malalamiko yalifika hadi bungeni, maana nyumba za umma kwenye maeneo mazuri zilikwenda kwa wachache, na watumishi waliofuata wakakosa pa kukaa. Bila masharti, gofu la leo litanunuliwa na mwenye fedha kutoka mbali, na kijana wa Njoro ataendelea kupanga. Kwa hiyo napendekeza:

1. Mnunuzi awe mkazi wa Manispaa asiye na nyumba mjini, na akae mwenyewe.
2. Asiuze kabla ya miaka 10. Akilazimika, airudishie Manispaa kwa bei iliyokadiriwa.
3. Alipe kidogo kidogo kwa mtindo wa mpangaji mnunuzi, ambao Shirika la Nyumba la Taifa liliwahi kuutumia. Mama wa soko la Mbuyuni hana hati ya mshahara ya kupeleka benki, lakini kodi hajawahi kukosa.
4. Majina ya waombaji na waliopata yabandikwe kwenye mbao za matangazo za mitaa, na kura ichezeshwe hadharani.
5. Viongozi wa chama, madiwani na wakuu wa idara wasiwe kwenye awamu ya kwanza. Hili litatukera sisi wenyewe, lakini bila hilo hakuna atakayetuamini.

*Ombi kwenu.* Kabla ya mkutano ujao wa tawi, kila mwanachama aandike magofu ya mtaani kwake: mahali yalipo, yameachwa tangu lini, na yanajulikana kuwa ya umma au ya mtu. Msiweke majina ya watu kwenye kundi. Mpeni katibu kwa mkono. Mkutano ukiridhia, orodha itakwenda kwa diwani wetu, naye tutamwomba aifikishe kwenye Baraza na kutuletea majibu.

Wenu katika ujenzi wa chama,
Katibu Mwenezi wa Tawi