VTT ya zamani: tubadilishe freni, ao tuiache?



Mwezi huu tuongee juu ya kinga. Si ile kinga kubwa ya makala yenye freni ya fimbo za chuma, ile kila mutu anaijua. Tuongee juu ya VTT za zamani, za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, ambazo zinafika kwetu kutoka Ulaya pamoja na vitu vingine vilivyokwisha kutumiwa kule. Kijana anainunua, anaipangusa, anafurahi. Kadre ni ya chuma kizuri, meno ni mengi, mipira ni minene. Kisha anashuka nayo mulima wa kwanza pale Likasi, na freni inalia kama mbuzi, lakini kinga inaendelea tu kwenda.

Hapo washauri wanakuwa wengi. Mumoja anasema: tupa hizo freni, weka za kisasa. Mwingine anasema: weka diski kama ya pikipiki. Na muzee mumoja, anayependa vitu vya zamani, anasema: usiguse kitu, kinga hii ina bei sababu iko vile ilivyotoka kiwandani.

Tuanze na huyu muzee, maana neno lake lina uzito. Kweli kuna watu, zaidi Ulaya na Marekani, wanaotafuta VTT za kwanza na kuzichunga kama mali ya urithi. Lakini tukumbuke VTT ilizaliwa namna gani. Katika mwaka 1976, vijana wa Marin, katika jimbo la California, walianza kufanya mashindano ya kushuka mulima karibu na mji wa Fairfax. Njia ilikuwa ya udongo na mawe, na ilishuka karibu metre 400 katika mwendo usiofika kilometre 4. Walitumia kinga nzito za Schwinn, zingine zilitengenezwa mbele ya vita ya pili ya dunia. Freni yao ilikuwa ndani ya muhimili wa gurudumu la nyuma, ile unayofunga kwa kurudisha pedali. Wakifika chini, freni ilikuwa imepata moto hata girisi ilitoka moshi. Ilikuwa sherti kufungua na kujaza girisi mupya kabla ya kushuka tena. Jina la mashindano yale, Repack, linatoka hapo: ni kujaza girisi upya.

Walifanya nini? Mumoja wao, Gary Fisher, alitwaa Schwinn ya zamani akaiwekea freni za ngoma na mikono ya freni ya pikipiki. Mwenzake, Joe Breeze, alitengeneza kadre mupya mwaka 1977, na kinga zake za kwanza zilikuwa kumi tu, zenye freni za kantileva zinazobana janti. Mwaka 1981 kampuni Specialized ilianza kuuzisha Stumpjumper, nayo na kantileva. Kwa hiyo, mutu akisema kwamba kubadilisha freni ni kuharibu VTT ya zamani, umujibu kwa heshima: baba, VTT yenyewe ilitokea pale watu walipobadilisha freni za kinga za zamani. Kama yako ni moja ya zile kumi za Breeze, basi usiiguse, andikia musée. Kama siyo, freni ni kwa kusimamisha.

Lakini usikimbilie soko. Mara nyingi freni ya miaka makumi tatu haishindwi sababu ni ya namna ya zamani. Inashindwa sababu vitu vidogo vyake vimezeeka, na hivyo havina bei kubwa.

Angalia mipira ya freni. Mupira wa zamani unakuwa mugumu kama kwato ya ngombe. Ukiukuna kwa ukucha na haubaki alama, huo umekwisha kufa, hata kama unaonekana munene. Weka mupya. Wakati mupira ungali muzuri, angalia kama punje za janti zimeingia ndani yake, uzitoe na kupitisha musasa. Angalia na janti yenyewe. Kama ni ya chuma cha kungaa, siku ya mvua mupira utateleza juu yake, na hakuna freni ya kubana janti itakayosaidia sana. Janti ya aluminyumu ni bora kabisa. Lakini hiyo nayo inalika, zaidi hapa kwetu ambapo udongo mwekundu ukichanganyika na maji unakuwa kama musasa. Pitisha kidole pale mupira unapobana. Ukisikia shimo kama kifua cha sahani, janti imelika na siku moja itapasuka.

Kisha waya. Toa waya wote ndani ya ganda lake. Ukikuta uzi hata mumoja umekatika, usiutwiste na kuufunga tena, nunua mwingine. Na ganda lenye kutu linakula nguvu ya mukono wako mbele haijafika kwenye freni.

Hapa nataka tusimame kidogo, sababu ni neno la uzima. Freni ya kantileva ina waya mufupi unaovuka juu ya gurudumu, kutoka mukono mumoja wa freni mpaka mwingine. Waya mukubwa unaukamata katikati na kuuvuta juu. Waya mukubwa wa mbele ukikatika, ule mufupi unaweza kuanguka juu ya mupira wa VTT, ambao una meno makubwa. Meno yanaukamata, gurudumu la mbele linafunga mara moja, na mutu anatupwa mbele ya gido kwa kichwa. Katika mashindano ni jambo baya. Katika barabara ya Kolwezi, na kamyo ya madini nyuma yako, ao na mutoto aliyeketi kwenye chuma cha nyuma, ni kifo. Kwa hiyo kama unabakiza kantileva, weka kipande cha chuma juu ya gurudumu, chini ya ule waya mufupi, kiushike ukianguka. Kinga nyingi zilikuwa na chuma cha kushikia taa ya kurudisha mwangaza pale, na wenye kinga wanakitoa wakifikiri ni pambo tu.

Ukiisha kufanya hayo yote, jaribu tena. Wengi watashangaa kuona freni imerudi. Tena shusha kidogo pahali waya mukubwa unapokamata ule mufupi, na nguvu ya kubana itaongezeka. Usishushe sana mpaka uguse mupira.

Na kama ungali unaogopa mulima? Basi badilisha. Katikati ya miaka ya 1990 Shimano wa Japani walitoa V-brake: mikono miwili mirefu, waya unapita kwa upande, hakuna waya mufupi wa kuanguka juu ya gurudumu. Inabana kwa nguvu zaidi, na ni rahisi kurekebisha. Inaingia kwenye misumari ileile ya kantileva, kwa hiyo haukati kitu, hauchomi kitu, na siku ukitaka unarudisha ya zamani kwa saa moja. Mimi naona hiyo njo njia nzuri kwa kinga inayofanya kazi kila siku.

Kuna mutego mumoja tu, na masikini wanaanguka ndani yake kila siku. V-brake inataka waya uvutwe karibu mara mbili kuliko kantileva. Muuzishaji anakupa mikono miwili ya chini, anakuambia ile ya gido ibaki ya zamani, utachunga feza. Utafika nyumbani, utafunga, utaona freni ni laini na nguvu iko. Siku ya haraka, ule mukono wa gido utagonga gido mbele kinga haijasimama. Nunua mikono ya gido pamoja, ya V-brake, ao usinunue kabisa. Na kinyume chake, mukono wa V-brake juu ya kantileva unakuwa mugumu kama jiwe na haufungi sana. Kwa kinga za miaka ya 1980 kazi ni nyepesi, sababu kifaa cha kubadilisha meno kimefungwa peke yake juu ya gido. Kwa nyingi za kuanzia 1990 vimeunganishwa pamoja na mukono wa freni, na ukitoa kimoja unapoteza cha pili. Uliza fundi kwanza.

Pima tena misumari. Kwenye kinga zingine za zamani sana iko karibukaribu, na mikono ya V-brake haisimami vizuri kando ya janti. Halafu kuna kinga za nusu ya pili ya miaka ya 1980 zenye freni ya nyuma yenye umbo la U, imefichwa chini karibu na pedali, inajaa matope wakati wa mvua. Misumari ya hiyo iko juu ya janti, si chini, na V-brake haiwezi kuingia pale. Isafishe, weka mipira mipya, na tengeneza freni ya mbele vizuri. Tena freni ya mbele njo inayosimamisha kinga zaidi, hata kama vijana wengi wanaiogopa.

Juu ya diski nitasema kidogo. Diski ni freni nzuri kwenye kinga iliyotengenezwa kwa diski. Uma wa mbele wa zamani haukutengenezwa hivyo. Diski inavuta kwa nguvu mahali pamoja, chini ya muguu mumoja wa uma, pale chuma ni chembamba. Fundi wa kuchomelea anaweza kukuwekea kipande pale kwa dakika kumi na kitaonekana kizuri. Lakini moto wake umekwisha kudhoofisha chuma, na kwa kadre ya aluminyumu ni mubaya zaidi. Tena sherti ubadilishe na mihimili ya magurudumu. Kwa feza ile unapata kinga ingine. Wazazi, kijana akileta shauri hili nyumbani, mukatae.

Basi, kinga ya kutembelea siku ya mungu tu, mahali pa tambarare, iachieni kantileva yake pamoja na mipira mipya, waya mupya na kile chuma cha kuushika. Kinga ya kubeba mutu na muzigo milimani, iwekeeni V-brake kamili, hata kama muzee atanungunika.

Ukiisha kufunga, usiende mulimani siku ileile. Jaribu mahali pa sawasawa, ukitembea pole, kisha kwa nguvu, kisha na mufuko wa muchanga nyuma. Waya mupya unalegea kidogo siku za kwanza, kwa hiyo kaza tena kisha juma moja. Na zile kantileva za zamani zipake mafuta, uzifunge ndani ya kopo pamoja na buloni zake zote. Siku moja mutu anayetafuta kinga za namna ile atakuuliza kama ungali nazo.