Nyumba Nzuri Mbili Zile

Huko mashariki ya Nigeria, nchi ya Waigbo, mtoto wa shule akiandika kwa Kiingereza "two book", mwalimu humchorea mstari mwekundu. Wengine humdhani mzembe. Lakini tutazame kwanza lugha aliyoipata kwa mama yake.

Kwa Kiigbo kitabu ni akwụkwọ, na vitabu viwili ni akwụkwọ abụọ. (Nukta zile chini ya herufi ni za maandishi yaliyokubaliwa mwaka 1961.) Mwaona? Jina halikubadilika hata kidogo. Hesabu imekwisha sema kuwa ni viwili, ya nini kurudia? Hasa majina ya watu ndiyo hupewa alama ya wingi: mwalimu ni onye nkuzi, walimu ni ndị nkuzi.

Kisha upo mpango wa maneno. Mwingereza husema "those two good houses": zile, mbili, nzuri, na nyumba yenyewe huja mwisho kabisa. Mwigbo husema ụlọ ọma abụọ ahụ, yaani nyumba nzuri mbili zile. Ni kinyume kabisa, neno kwa neno. Sisi hatushangai, maana nasi hutanguliza jina. Ila sisi hupatanisha, vitabu vizuri viwili vile, naye hapatanishi kitu. Lakini hesabu ya mmoja hutangulia, otu akwụkwọ, kitabu kimoja.

Ajabu zaidi ni sifa. Wataalamu waliozihesabu sifa halisi za Kiigbo walipata nane tu, mbili mbili: kubwa na dogo, jeusi na jeupe, jipya na la zamani, zuri na baya. Je, Waigbo ni maskini wa maneno? Hata! Mtu hodari huitwa nwoke dị ike, mwanamume aliye na nguvu, kama sisi tusemavyo "mwenye nguvu" au "maji ya moto".

Basi mwalimu wa huko angeweza kuandika ubaoni "those two good houses", na chini yake ụlọ ọma abụọ ahụ, kisha awaambie watoto waunganishe kwa chaki kila neno na mwenzake. Mistari yote minne itakatana.