Kifua Wazi

Safari hii safu yetu inanuka oili. Katika kikao kilichopita tulibishana karibu saa nzima kuhusu jina la pikipiki. Si bodaboda, hiyo ilishapata jina lake kule mpakani Busia. Tulizungumzia ile ya michezo, yenye injini ya wastani, isiyo na maganda ya plastiki wala kioo cha kukinga upepo, ambayo Waingereza huiita ya uchi. Mmoja wetu alipopendekeza "pikipiki uchi", hata walimu walicheka.

Mwalimu wetu mmoja akatukumbusha kwamba "pikipiki" na "tukutuku" ni tanakali za sauti: wazee waliisikiliza mashine kwanza, ndipo wakaipa jina. Basi nasi Jumapili tukaenda kusikiliza. Njia ya kwenda Hartbeespoort siku hiyo hujaa waendesha pikipiki, na mmoja wao, mwenye Yamaha MT-07, akaturuhusu kuikagua.

Mashine hii ilianza kuuzwa mwaka 2014. Ina silinda mbili, cc 689, nguvu za farasi 70 na ushee, na uzito wa kilo kama 180. Boxer 150 ya kule nyumbani ina farasi 12 hivi. Injini yenyewe ni sehemu ya fremu, ndiyo maana pikipiki ni nyembamba kiunoni. Wembamba wa reli, treni inapita.

Siri yake iko kwenye krenki ya nyuzi 270. Pistoni moja ikifika juu na kusimama, mwenzake yumo katikati ya mwendo, kwa hiyo mzunguko haushtukishtuki. Milipuko nayo haiachani sawa: pengo la nyuzi 270, kisha la 450. Tuliposikiliza, haikusema pikipiki. Ilisema tuku-tuku, ikapumua, tuku-tuku tena. Wazee walikuwa na masikio.

Lakini hapa Johannesburg tuko mita 1,750 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake. Farasi sabini na ushee wa Dar es Salaam hufika hapa kama sitini. Ndiyo maana pia vituo vya huku bara huuza petroli ya 93, wakati pwani ni 95. Mwenye pikipiki alisema hilo halimsumbui, kwa sababu injini huvuta tangu chini. Huhitaji kuikamua mpaka ilie.

Tulikuwa na mwenzetu anayesoma mchana na kusambaza chakula jioni kwa pikipiki ya cc 125. Mwaka huu amezika wawili waliokuwa wakifanya naye kazi hiyo. Sisi tulipokuwa tukishangaa injini, yeye alichuchumaa mbele, akashika diski za breki, zote mbili, kisha akapitisha kidole kwenye tairi. Akauliza kama breki zina ABS. Zinayo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hii inasimama."

Tuliona haya. Tulikuja kupima mwendo, na mwenzetu alikuja kupima kusimama. Kwake pikipiki ni ada ya chuo, si starehe ya Jumapili. Hata hivyo alipokalishwa juu yake na injini kuwashwa, alitabasamu kama hatujapata kumwona akitabasamu. Tunakiri kwamba furaha nayo ni haki ya mfanyakazi.

Hakununua, wala hakujidanganya kwamba atanunua. Tulirudi tukachangishana, akabadilisha tairi la mbele la ile 125 lililokuwa limeisha kashata. Hilo ndilo tuliloliweza.

Jina? Kwa sasa tumekubaliana "kifua wazi": injini iko nje, upepo unampiga mwendeshaji kifuani, na hakuna kinachofichwa. Mwenye jina bora alilete kwenye kikao kijacho. Na anayetoka usiku akikutana na msambazaji barabarani, ampishe.